Mkono Usiotikisika

Katika klabu yetu, Jackton Wesonga ndiye mtu wa mwisho ambaye mgeni angedhani amekuja kupiga bastola. Alikuwa mwembamba, mabega yameshuka kama ya mtu aliyezoea kubeba mizigo ya wengine, na kwenye benchi alikaa pembeni kabisa, nusu yake ikiwa nje, kana kwamba mwenye benchi angetokea wakati wowote kumwondoa. Siku za kazi alikuwa mpeleka samansi wa ofisi moja ya mawakili katikati ya jiji. Kwa wasioijua kazi hiyo, ni kumtafuta mtu asiyetaka kupatikana, kumkabidhi karatasi asiyotaka kuipokea, na kuondoka kabla hajaamua la kukufanya. Jackton aliifanya tangu ujana wake. Aliwahi kufunguliwa mbwa Parklands na kumwagiwa maji ya vyombo Kawangware. Siku moja, kwenye ngazi za jengo fulani la mtaa wa Luthuli, mfanyabiashara mmoja alimlazimisha kuitafuna samansi aliyoileta, kipande kwa kipande, mbele ya wateja. Alinisimulia kisa hicho akicheka. Nilicheka naye, kwa kuwa sikujua uso wangu ulipaswa kufanya nini kingine.

Klabu yenyewe iko ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, magharibi mwa Riruta, ambapo ukuta wa mwamba umetupa kinga ya risasi bila sisi kuijenga. Tunapiga bastola ndogo tu, za risasi nyembamba kama kipande cha penseli, ambazo wapigaji wa bastola kubwa huziita bastola za panya. Silaha zote ni mali ya klabu. Hutolewa stoo Jumamosi asubuhi na kurudishwa kabla ya chakula cha mchana, na hakuna anayeondoka na hata ganda moja. Wengi wetu ni watu wa ofisi na maduka. Mimi hufundisha chuo kikuu, na hadi leo sijui kama nilijiunga kwa kutafuta utulivu au kwa kutafuta kelele.

Jackton aliletwa na mwajiri wake, marehemu Wakili Idarus, mtu mnene aliyechukia kubeba kitu chochote. Jackton alimbebea mkoba, akamshikia mwavuli, akammiminia chai. Siku moja wakili, kwa kutaka kutuchekesha, alimpa bastola akamwambia ajaribu. Risasi ya kwanza ya Jackton ilipiga katikati kabisa ya shabaha. Ilikuwa bahati, nasi sote tulijua ni bahati, lakini yeye alikitazama kile kitundu kwa muda mrefu, na nadhani hapo ndipo maisha yake yalipoharibika. Wakili alipofariki, Jackton aliendelea kuja. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemkataza. Huo ndio uliokuwa uanachama wake.

Kasoro yake ilionekana mapema. Macho yake yalikuwa mepesi kuliko ya wengi wetu, na aliweza kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine kwa kasi iliyotushangaza. Lakini pale kidole kilipokaza kifyatulio, kabla risasi haijatoka, mkono wake ulijisukuma chini kama wa mtu anayejikinga na pigo. Wapigaji wa bastola kubwa hufanya hivyo kwa sababu zina teke. Hizi zetu hazina teke la kuzungumziwa, na mtoto wa shule ya msingi angezistahimili. Nina maelezo yangu, ambayo huenda si sahihi: mtu aliyeishi kwa kubisha milango na kujikunyata kabla haijafunguliwa, mwili wake hujifunza jambo ambalo akili haiwezi kulifuta kwa amri. Sikuwahi kuyasema maelezo hayo mbele ya Ndambuki.

Ndambuki ni nahodha wetu. Alistaafu jeshini, na mpaka sasa huzungumza na watu kana kwamba wamepangwa mstarini. Sote tunamwita Afande. Ana zoezi lake moja ambalo ndilo sifa ya klabu. Humwita mpigaji mbele, humpa mgongo, na kuijaza magazini mwenyewe, akichanganya risasi za kweli na za plastiki zisizolipuka. Za plastiki tunaziita maiti. Mpigaji hajui maiti imewekwa wapi. Anapiga, anapiga tena, na ghafla bastola inatoa tu mlio mkavu: tik. Hapo hakuna mshindo wa kumfichia mtu aibu yake. Mkono uliotulia huiacha bastola pale pale. Mkono mwoga huinamisha mdomo wa bastola, na kila aliye kwenye benchi huona.

Wakati wote huo Ndambuki husimama nyuma kidogo ya bega la kulia la mpigaji, karibu kiasi cha kuisikia pumzi yake. Ikilia tik, mpigaji huiacha bastola imeelekea mbele, hugeuza kichwa peke yake, na kungoja hukumu. Aliyetulia huambiwa neno moja: "Jiwe." Hakuna sifa nyingine katika klabu yetu, na nimeona watu wazima wenye vyeo wakilitembeza neno hilo kifuani wiki nzima. Asiyetulia huambiwa, "Imepiga magoti." Sisi tulioketi tunacheka, naye hupewa ufagio ayafagie maganda ya risasi ya watu wote siku hiyo.

Jackton alifagia kwa miaka. Alifagia hivi kwamba ufagio wenyewe ukapewa jina lake.

"Wewe karani," Ndambuki alimwambia asubuhi moja, baada ya tik na mdomo wa bastola kutazama mchanga, "hiyo mkono yako iko na malaria?"

"Hapana, Afande."

"Ama unaogopa hii kitu itakuuma? Hii ni bastola ya panya, buda. Panya yenyewe ukiipiga nayo inaenda kwanza nyumbani kuaga familia."

Benchi likacheka.

"Nijaribu tena, Afande."

"Utajaribu ukiinama. Leteni Wesonga."

Ufagio ukaletwa. Jackton akaupokea kwa mikono miwili, akaanza kufagia kutoka upande wa ukuta, ambako maganda hupenda kujificha kati ya mawe.

Mwaka jana klabu yetu ilialikwa Kampala kwa mashindano ya kuangusha sahani za chuma. Timu ilikuwa ya watu wanne. Watatu walijulikana mapema. Nafasi ya nne ilikuwa ya Safa, na kila mtu alijua hivyo. Safa ni binti anayeuza vitambaa katika duka la babake mtaa wa Biashara, familia yao ilitoka Mombasa kabla yeye hajazaliwa, na hakuna mtu klabuni au popote ambaye nimemwona akishika bastola kwa upole kama yeye. Lakini kanuni zetu zilitaka nafasi ishindaniwe, na wengine wote walikuwa na shughuli au visingizio.

"Safa hawezi kushindana na kivuli yake," Ndambuki alisema. "Wekeni karani."

Tulicheka tena. Jackton hakucheka. Alisimama kutoka kwenye ile pembe yake ya benchi na kusema, "Asante, Afande," kwa sauti ya mtu aliyepewa kitu.

Nimejiuliza mara nyingi kama kulikuwa na mtu mmoja siku ile ambaye angeweza kumweleza kwamba alikuwa ametajwa kwa mzaha. Pengine hata angeelezwa asingejali. Wiki iliyofuata alikwenda kutengeneza paspoti. Ilipotoka aliitia mfukoni mwa shati, kona yake ikichungulia nje. Wenzake ofisini wakaanza kumwita Kampala. Kanisani kwake Riruta alisimamishwa mbele, mchungaji akauombea mkono wake wa kulia ukiwa umeinuliwa, na waumini wote wakaunyooshea mikono yao. Haya aliniambia mwenyewe, kwa fahari. Kitu alichokitaka hakikuwa safari peke yake. Alitaka bastola imlilie tik mbele ya watu wote, asitikisike, na Ndambuki alazimike kulitamka lile neno.

Safa alimsaidia. Nilikuwepo siku alipomwita pembeni.

"Kaka Jackton, wewe waingoja risasi. Usiingoje. Bonyeza taratibu mpaka ikutoke mwenyewe usijue."

"Na mkono ukikataa?"

"Uzoeze kelele. Mimi ndugu zangu walikuwa wakinigongea vifuniko vya sufuria nyuma ya kichwa, nami nimenyoosha mkono. Nilikuwa nikilia, wallahi. Kisha siku moja nikawa sisikii."

Alimwambia kwa moyo mweupe. Lakini mtu hamfundishi mpinzani wake siri namna hiyo isipokuwa anajua kwamba hawezi kumshinda, na sidhani Jackton hakuliona hilo.

Nilipita kwake Riruta asubuhi moja nikielekea mjini. Anakaa kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana, ua mmoja kwa wote, kamba za nguo zikikatiza juu. Nilimkuta amesimama mbele ya ukuta, mkono wa kulia umenyooshwa, ameshika pasi ya umeme kwa mpini, na mgongoni mwa pasi ameweka kifuniko cha soda. Ukutani palikuwa na nukta iliyochorwa kwa makaa. Nyuma yake alisimama mkewe, Selpher, na vifuniko viwili vya sufuria.

"Mama Ivyne, gonga bila kuniambia."

"Sasa nikikuambia itakuwa kugonga bila kukuambia?" Selpher alisema, na hapo hapo akavigonganisha.

Kifuniko cha soda kikaanguka. Jackton akainama, akakiokota, akakirudisha.

"Mama Ivyne," jirani aliuliza kutoka mlangoni mwake, mswaki mdomoni, "leo ni pepo gani mnafukuza?"

"Ni Kampala."

"Na imetoka?"

"Iko karibu. Sasa hivi iko kwa bega."

Majirani wakacheka. Jackton naye alitabasamu akiutazama ukuta, jasho likimtiririka hadi kwenye kiwiko. Vifuniko vikagonga tena, kile cha soda kikaanguka tena. Nilipoondoka kilikuwa kinaanguka bado. Lakini wiki zilivyopita aliniambia kwamba kinaanguka mara chache. Kisha kwamba watoto wa ploti hupewa ruhusa ya kupasua mifuko ya karatasi sikioni mwake. Kisha kwamba hakianguki.

Siku ya mchujo tulifika mapema. Ili pasiwe na lawama, alialikwa mwamuzi kutoka klabu nyingine, bwana mkimya aitwaye Dedan, aliyekuja na kipima muda chake. Kama ilivyo desturi ya waamuzi, Dedan alisimama nyuma ya bega la kulia la mpigaji. Ndambuki hakuwa na kazi siku hiyo. Aliketi nasi kwenye benchi, mbali nyuma upande wa kushoto, chupa ya chai miguuni.

Kabla ya kuanza alisimama na kutangaza, "Leo hakuna maiti. Leo ni ukweli mtupu. Karani, umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

Nilimwona akiitikia kwa kichwa. Alisikia. Hilo nina hakika nalo, na ni moja ya mambo machache ya siku ile ninayoweza kuyaapia.

Kazi ilikuwa nyepesi kueleza: safu ya sahani za chuma zimesimama mbele ya ukuta wa mwamba, na anayeziangusha zote kwa muda mfupi zaidi anakwenda Kampala. Sheria kubwa ilikuwa moja. Pande zote mbili za mpigaji kuna nguzo nyekundu, na mdomo wa bastola haupaswi kuzipita kamwe, iwe bastola ina risasi au haina. Anayezipitisha anatoka, awe nani.

Safa alianza. Sahani zilianguka moja baada ya nyingine kwa mdundo mmoja, mpaka ya mwisho, ambayo aliikosa, akaikosa tena, kisha akaiangusha. Aliirudisha bastola mezani akitikisa kichwa. Ulikuwa muda mzuri, lakini haukuwa muda wa Safa.

Jackton akapanda mstarini. Aliijaza magazini yake mwenyewe. Dedan akamuuliza kama yuko tayari, kipima muda kikalia, na mkono wa Jackton ukainuka.

Sijawahi kuuona mkono ule ukiwa hivyo. Sahani ya kwanza ikaanguka, ya pili, ya tatu, na mdomo wa bastola ukawa unatembea kutoka moja hadi nyingine kama kidole kinachofuata mstari kitabuni. Haukuinama. Kwenye benchi watu waliacha kutafuna. Ndambuki alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, hanywi wala hakiteremshi. Hesabu ilikuwa wazi kwetu sote: Jackton alikuwa mbele ya Safa, mbele sana, na ilibaki sahani moja.

Bastola ikasema tik.

Risasi hizi nyembamba hufanya hivyo wakati mwingine. Pini huigonga ukingoni na baruti iliyomo hukataa kuwaka. Kila mpigaji anajua la kufanya: bastola ibaki mbele, vuta nyuma gololi, kile chuma cha juu kinachoteleza, ili risasi mbovu itoke na nyingine iingie, piga. Ni jambo la pumzi moja. Jackton angelifanya, angeiangusha ile sahani, na bado muda ungembakia.

Lakini bastola ilikuwa imesema tik, na mkono wake haukuwa umetikisika. Mdomo wa bastola ulibaki pale pale, juu ya sahani ya mwisho, kana kwamba umepigiwa msumari hewani. Kwa miaka yote ile, baada ya mlio huo, alikuwa amegeuza kichwa kumsikiliza mtu mmoja. Akageuka. Nyuma ya bega lake la kulia hapakuwa na Ndambuki. Palikuwa na mgeni na kipima muda. Basi Jackton akamtafuta Ndambuki alikokuwa, na kwa kuwa alikuwa mbali, nyuma, upande wa kushoto, kichwa peke yake hakikutosha. Bega likafuata kichwa, mkono ukafuata bega, na bastola ikaipita nguzo nyekundu, ikalifagia benchi zima. Alikuwa akitabasamu.

"Afande, umeona?"

Watu walijitupa chini. Mimi nilijikuta nimelala kifudifudi kwenye kokoto, chai ya mtu ikinilowesha mgongo. Dedan aliukamata mkono wa Jackton kwa mikono yake yote miwili, akausukuma mbele, akaunyang'anya bastola. Kisha akavuta gololi, na risasi ikaruka ikamwangukia kiganjani. Aliiinua ili Jackton aione. Haikuwa plastiki. Ilikuwa risasi ya kweli, yenye kovu dogo ukingoni mahali pini ilipogonga.

"Hii sio maiti," Dedan alisema polepole, maana alikuwa amesikia habari za zoezi letu. "Hii ingeweza kuamka hata sekunde mbili baadaye. Unaelewa?"

Jackton aliitazama risasi kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtu asiyemfahamu.

"Kwa leo ametoka," Dedan akamwambia Ndambuki, aliyekuwa amefika akijipangusa suruali. "Ni sheria. Wiki ijayo anaweza kupiga kama kawaida, akifundishwa tena."

"Kwenu, labda," Ndambuki alisema. "Hapa hapana. Karani, hautashika bunduki hapa tena. Si wiki ijayo, si mwaka ujao. Hata ya watoto ya maji, sitaki kukuona nayo."

"Sawa, Afande. Lakini haikupiga magoti."

"Ati nini?"

"Ilisema tik na haikupiga magoti. Mliona wote." Alitutazama mmoja mmoja, tulivyokuwa tukiinuka na kujikung'uta. Hatimaye macho yake yakamfikia Safa, ambaye hakuwa amejitupa chini kama sisi. Alikuwa bado ameketi, wima, mikono magotini. "Dada Safa, wewe hukulala chini. Si uliona? Haikutikisika."



"Niliona mdomo wake, kaka Jackton. Ulikuwa umenielekea hapa," Safa alisema, akagusa kifua chake. "Kweli. Haukutikisika hata kidogo."

Kisha akaenda garini mwake, akajifungia, na hakutoka mpaka tulipomaliza. Yeye ndiye aliyekwenda Kampala.

Ndambuki alimwangalia Jackton aliyesimama katikati ya machimbo, mikono imening'inia, paspoti ikichungulia mfukoni. Nilidhani atamwonea huruma. "Ukitaka kuja, kuja ufagie," alimwambia. "Wesonga anakujua." Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, kicheko kifupi cha puani, na kwa kuwa hofu ilikuwa bado imetukaa mwilini, wengi wakakidaka.

Baadaye nilimwambia Ndambuki lile nililokuwa nikilifikiria: kwamba ni sisi tuliomfundisha yule mtu kumgeukia yeye kila anaposikia mlio ule, na kwamba haikuwa haki kumwadhibu milele kwa somo alilolishika vizuri kuliko sote. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilimfunza kugeuza kichwa. Bunduki alijigeuzia mwenyewe."

Nikiwa mkweli, hadi leo sina hakika kwamba alikosea.

Kanisani Riruta walimuuliza kuhusu Kampala Jumapili ile ile. Aliwaambia amechelewesha safari. Ofisini jina la Kampala lilimganda, sasa likiwa na maana mpya, na makarani wapya hulitumia bila kujua lilikotoka. Miezi michache baadaye nilimkuta kwenye ngazi za mahakama, jicho moja limefungwa na uvimbe, mdomo umepasuka. Alikuwa amempelekea samansi mwenye nyumba mmoja huko Parklands.

"Hukumwona akija?" nilimuuliza.

"Nilimwona, mwalimu. Ngumi niliiona kutoka mlangoni mpaka hapa." Akaligusa jicho kwa uangalifu. "Zamani ningejikunyata ikanipitia juu. Siku hizi sijikunyati. Inanifikia nzima."

Aliyasema hayo bila kulalamika. Niliona hata fahari kidogo, au pengine niliiweka mimi mwenyewe pale, kwa sababu nilihitaji awe na kitu.

Selpher nilikutana naye Naivasha Road, akitoka sokoni na kikapu. Nilimuuliza habari za nyumbani kama mtu anavyouliza, nikitarajia anijibu kama mtu anavyojibu.

"Bado anataka nigonge," alisema. "Kila asubuhi. Baba Ivyne, inatosha, namwambia. Anasema, gonga. Nagonga mpaka kifuniko kimoja kimepinda, hakifuniki sufuria tena." Alihamisha kikapu mkono mwingine. "Na hakianguki, mwalimu. Kile cha soda. Heri kingekuwa kinaanguka."

Jackton anakuja klabuni kila Jumamosi. Huketi mahali pake, nusu nje ya benchi, mpaka tunapomaliza kupiga, kisha hufagia. Ndambuki anapopokea wanachama wapya, humwita asimame, humweka mbele yao, na kuwaeleza sheria ya nguzo nyekundu akimwonyesha kwa kidole kama ramani. "Huyu ndiye," husema. Jackton hugeuka taratibu, akiwaonyesha jinsi bega lilivyofuata kichwa na mkono ukafuata bega. Hulifanya vizuri. Wageni huwa hawasahau.

Mwezi uliopita alikuja Afnan, binti wa amu yake Safa, mwanafunzi aliyemaliza chuo, mwenye sauti ndogo na viatu vipya vya michezo. Ilikuwa siku yake ya kwanza kuitiwa maiti. Ndambuki alimpa mgongo, akaijaza magazini, akasimama nyuma ya bega lake la kulia. Afnan alipiga, akapiga, akapiga vizuri kuliko tulivyotarajia. Kisha ikaja tik, na mdomo wa bastola ukainama mpaka karibu na vidole vya viatu vyake vipya.

Aligeuza kichwa, macho yamejaa, kuitafuta hukumu. Ndambuki alikuwa anafungua kinywa. Lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Imepiga magoti," Jackton alisema.

Alikuwa ameshatoka kwenye benchi. Alisubiri Afnan aiweke bastola mezani, akamkaribia na kumnyooshea ufagio, mkono wa kulia umenyooka kabisa kutoka begani, mpini katikati yao. "Anza na upande wa ukuta, dada," akamwambia. "Maganda hujificha huko. Na usijifute macho ukifagia, vumbi litaingia."

Yule binti hakuupokea mara moja. Alimtazama Safa, Safa akatazama pembeni. Muda ukapita, na ule mkono ukabaki hewani na uzito wa ufagio, haushuki, hauyumbi, mpaka sote tukawa tunautazama, tumeacha kucheka.

Ndambuki naye aliutazama, kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole.

"Jiwe," akasema.

Jackton aligeuza kichwa, kichwa peke yake, ili alisikie vizuri.